UZI: Kukaribisha, kumtafuta Mungu na kutenda haki ni mizizi yetu Wabaptisti, wala si usasa

#1 Mleta uzi

Wapendwa, salaam kwenu nyote. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Mimi ni Mbaptisti. Nilizamishwa majini nikiwa mtu mzima, baada ya kusimama mbele ya watu na kukiri kwa kinywa changu mwenyewe. Kusanyiko ninaloshiriki humweleza kila mshirika mpya mambo matatu kabla hajapewa mkono wa shirika: hapa anayekuja anapokewa jinsi alivyo, hapa maswali ya imani yanaulizwa kwa sauti, na hapa haki ya mnyonge ni sehemu ya ibada. Nikiyasema haya kwa ndugu wa makanisa mengine, hata Wabaptisti wenzangu, najibiwa kwamba tumechukua mambo ya dunia tukayavika joho la kanisa.

Linaniuma, kwa sababu nikiisoma historia yetu naona kinyume kabisa.

Tuanzie kwenye maji. Mwaka 1609, mjini Amsterdam, kikundi kidogo cha Waingereza waliokimbia nchi yao kwa sababu ya dini kilifanya jambo lililowashangaza hata wakimbizi wenzao. Kiongozi wao, John Smyth, alijibatiza mwenyewe, kisha akawabatiza wengine. (Walimiminiwa maji. Kuzamishwa kulishika mizizi Uingereza miaka thelathini hivi baadaye.) Wote walikuwa wamebatizwa utotoni. Sasa walikuwa wanasema ubatizo ule haukuwa wao, kwa sababu mtoto mchanga hajaamini chochote. Imani ya kuazimwa haimfikishi mtu kwa Mungu.

Ukikubali hilo, umefungua mlango ambao huwezi kuufunga tena. Kama baba mzazi hawezi kuamini kwa niaba ya mwanawe, mfalme ataamini vipi kwa niaba ya raia wake? Thomas Helwys, aliyekuwa na Smyth kule Amsterdam, aliliona hilo waziwazi. Alirudi Uingereza akijua hatari iliyopo, akaanzisha kanisa la kwanza la Baptisti katika nchi hiyo, huko Spitalfields, London. Mwaka 1612 akatoa kitabu, na katika nakala moja akamwandikia Mfalme James wa Kwanza kwa mkono wake kwamba mfalme ni mwanadamu afaye, si Mungu, na hana mamlaka juu ya roho za raia wake. Ndani ya kitabu hicho akawatetea wazushi, Wayahudi na Waturuki, yaani Waislamu kwa lugha ya wakati ule: serikali isimwadhibu yeyote kwa ajili ya imani yake. Nakala ile ipo Oxford mpaka leo. Helwys mwenyewe alifungwa gereza la Newgate, na kufikia mwaka 1616 alikuwa ameshafariki.

Huyo ndiye baba yetu. Alitetea haki ya watu ambao hakukubaliana nao hata kidogo. Kanisa linalomwambia mgeni "karibu, hatutakulazimisha" linafuata nyayo zake.

Naomba michango yenu, na wanaopinga pia.

#2 Mchangiaji

Ndugu, historia umeieleza vizuri, lakini umechanganya vitu viwili. Helwys alisema *mfalme* asimwadhibu mzushi. Hakusema mzushi apewe ushirika kanisani. Hao Wabaptisti wa kwanza walikuwa wakali sana kwa washirika wao: ukilewa unaitwa kikaoni, ukikosa ibada unaulizwa. Uhuru mbele ya serikali ni jambo moja, na ukaribisho wa kanisani ni jambo jingine. Kanisa lisilo na mipaka ni uwanja wa mikutano.

#3 Mleta uzi

Ndugu yangu wa #2, umesema kweli, nami nilipaswa kutenganisha mambo hayo. Nidhamu ya kanisa walikuwa nayo, na ilikuwa kali. Siwezi kumfanya Helwys aseme ambalo hakulisema.

Kwa hiyo niende kwenye Maandiko. Andiko tulilolitegemea zaidi Wabaptisti kutetea ubatizo wa anayeamini ni Matendo 8, habari ya Filipo na towashi wa Kushi. Tunalihubiri kila wakati wa ubatizo. Nimelisikia mara nyingi mno, na karibu kila mara mhubiri huharakisha kufika kwenye maji akaliruka neno "towashi".

Hebu tulisome polepole. Mtu huyu ametoka mbali, amekwenda Yerusalemu kuabudu. Sheria katika Kumbukumbu la Torati 23 inamzuia mtu aliyehasiwa asiingie katika mkutano wa Bwana. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba safari yote ile iliishia nje ya mlango. Sasa yupo njiani kurudi kwao, ameketi garini, anasoma nabii Isaya. Filipo anamuuliza kama anaelewa anachosoma, naye anajibu kwa unyenyekevu kwamba ataelewaje bila mtu wa kumwongoza. Alikuwa akisoma sura ya 53. Akiendelea kidogo tu na chuo kile atafika sura ya 56, ambapo Mungu anawaahidi matowashi jina bora kuliko wana na binti, ndani ya nyumba yake.

Halafu wanafika penye maji, na yeye ndiye anayeuliza: ni nini kinachonizuia nisibatizwe?

Kila mtu aliyekuwa na Torati mkononi angeweza kumjibu kwamba kipo kinachomzuia, na mstari angeuonyesha. Filipo hakuutaja. Wakashuka wote wawili majini.

Ndugu, sikatai kwamba kanisa lina mipaka. Kusanyiko letu lina agano, na mshirika akimdhulumu mwenzake anaitwa. Ninachokataa ni mipaka inayochorwa juu ya *mtu* kabla hajafungua kinywa. Towashi alikuja na maswali, hakuja na dhambi yoyote iliyotajwa, lakini alikuwa tayari ameshawekwa nje. Watu wa namna hiyo wako wengi katika milango ya makanisa yetu.

#4 Mchangiaji

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mmoja wa hao wa mlangoni.

Ndoa yangu ilivunjika. Sitaeleza sababu, ila kukaa mle kungeniua. Kanisa nililokulia halikunifukuza. Lilichofanya ni kunipokonya vitu kimoja kimoja. Kwanza nikaambiwa nipumzike kuongoza sifa. Kisha nikaambiwa nisishiriki Meza ya Bwana mpaka "mambo yangu yakae sawa". Hakuna aliyewahi kuniambia yakikaa sawa yatafananaje. Nikawa napitwa na kikombe, mkono wa shemasi unaruka mapajani mwangu kwenda kwa jirani. Miaka miwili.

Nilihamia kusanyiko la Baptisti la aina hii anayoieleza mleta uzi. Siku ya kwanza ya Meza nilikunja mikono kama nilivyozoea. Mama mzee aliyekaa pembeni alikishika kikombe, hakukipitisha. Akasubiri. Hakusema neno. Nikakipokea nikalia hadharani.

Ndugu wa #2, sikupingi kuhusu nidhamu. Nakuuliza tu: nidhamu ambayo haina mwisho na haina mtu wa kuulizwa, hiyo inamjenga nani?

#5 Mchangiaji

Dada wa #4, pole sana, na asante kwa kutuambia.

Mleta uzi, mimi nina shida na hilo la pili, la kutafuta. Tunatafuta nini wakati tumeshampata Kristo? Mkristo anayetafuta maisha yake yote si ndiye yule wa 2 Timotheo, anayejifunza siku zote bila kuweza kuufikia ujuzi wa kweli?

#6 Mleta uzi

Asante kwa swali, na hapa ndipo moyo wangu ulipo hasa, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu.

Mbaptisti wa kwanza maarufu wa Amerika alikuwa Mbaptisti kwa miezi michache tu. Roger Williams alihukumiwa kufukuzwa koloni la Massachusetts mwaka 1635. Makosa yake yalikuwa kusema kwamba mahakimu hawana mamlaka juu ya dhamiri ya mtu, na kwamba mfalme wa Uingereza hakuwa na haki ya kugawa ardhi ya wenyeji. Alitoroka katikati ya baridi kali, akapewa ardhi na wakuu wa Wanarragansett, wenyeji wa eneo lile, na mwaka 1636 akaanzisha Providence. Kama mwaka 1638 kanisa la kwanza la Baptisti Amerika likakusanyika pale naye akiwemo. Baada ya miezi michache akajitoa. Hakuasi. Alifika mahali akaona hana uhakika kwamba kanisa lolote duniani lina mamlaka yaliyotoka kwa mitume, akachagua kungoja na kutafuta. Watu wa aina hiyo wakati ule waliitwa Watafutaji. Alibaki hivyo hadi kifo chake mwaka 1683.

Na kanisa lile halikumfuta. Mpaka leo lipo Providence na linamtaja kuwa mwanzilishi wake. Nalipenda jambo hilo kuliko ninavyoweza kueleza: mlango wetu wa kwanza katika bara lile ulifunguliwa na mtu aliyekuwa bado anauliza.

Msifikiri kutafuta kulimfanya mtu laini asiye na msimamo. Waquaker, kundi jingine la Wakristo, walipokuja Rhode Island, koloni lililotokana na Providence, aliona mafundisho yao ni potofu, akajadiliana nao hadharani kwa siku kadhaa mwaka 1672 akiwa mzee kabisa, tena kwa maneno makali. Lakini hakumgusa hata mmoja. Massachusetts walikuwa wamewanyonga Waquaker. Kwake walijenga nyumba zao na kuabudu.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na swali lako. Howard Thurman, mchungaji wa Baptisti, mtu mweusi wa Florida aliyezaliwa mwaka 1899, alilelewa na bibi yake aliyekuwa mtumwa. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo mjukuu alimsomea Biblia. Nyaraka za Paulo bibi alizikataa, isipokuwa mara chache ile sura ya upendo katika Wakorintho. Baadaye akamweleza sababu: siku za utumwa, mhubiri wa bwana wao alisimama tena na tena kwenye andiko moja, enyi watumwa watiini mabwana zenu. Akajiapiza kwamba akipata uhuru hatalisikiliza tena.

Mwanamke huyo alikuwa amempata Kristo? Naamini hivyo. Na bado alikuwa anatafuta, akichambua kipi kilitoka kwa Mungu na kipi kilitoka kwa mwenye watumwa. Thurman alikwenda India, akakutana na Gandhi mwaka 1936, akarudi na maswali mazito juu ya Ukristo uliokaa pamoja na ubaguzi wa rangi. Mwaka 1944 akashiriki kuanzisha San Francisco kanisa la watu wa rangi zote, wakati ambapo jambo hilo lilikuwa karibu halisikiki Marekani. Ibada zake zilikuwa na ukimya mrefu. Maswali yake hayakumpoteza. Yalimpeleka kanisani, tena kanisa ambalo halikuwepo kabla yake.

Kwetu sisi inakuwa hivi kwa vitendo: baada ya mahubiri kuna muda wa kuuliza, na mchungaji anaruhusiwa kusema "hilo nami linanisumbua". Hatuna tamko la imani la kusainishwa kwa lazima. Nikisoma Isaya 55, agizo la kumtafuta Bwana wanapewa watu wake mwenyewe, ambao walishamjua vizazi vingi. Yule wa 2 Timotheo, ndugu, ukisoma mistari inayotangulia utaona ni mtu aliyelemewa na tamaa na walaghai. Si mtu anayeuliza kwa moyo mweupe.

#7 Mchangiaji (shemasi)

Nimesoma yote. Mimi ni shemasi kwa zaidi ya miaka ishirini. Niseme juu ya haki, kwa sababu hapo tunapenda kujisifu.

Tunamtaja Martin Luther King, mchungaji aliyeongoza harakati za haki za watu weusi Marekani, kila mara. Alikuwa Mbaptisti, mwana wa Mbaptisti, mjukuu wa Mbaptisti, ni kweli. Lakini waliomtukana pia wengi walikuwa Wabaptisti. Southern Baptist Convention, umoja wa makanisa ya Baptisti ya Kusini mwa Marekani, ilianzishwa mwaka 1845 huko Augusta, Georgia, kwa sababu Wabaptisti wa Kusini walitaka mwenye watumwa aruhusiwe kuwa mmisionari. Waliomba radhi mwaka 1995. Hesabuni wenyewe, miaka 150. Hata miongoni mwa Wabaptisti weusi, wachungaji waliounga mkono njia ya King walilazimika kuunda umoja mwingine, Progressive National Baptist Convention, mwaka 1961.

Historia ya haki kwa Wabaptisti ni historia ya watu waliotengwa na ndugu zao. Samuel Sharpe, shemasi wa Baptisti kule Jamaica, naye mtumwa, aliandaa mgomo Krismasi ya mwaka 1831: hakuna kurudi kazini bila ujira. Ukageuka uasi, ukazimwa kwa damu, naye akanyongwa tarehe 23 Mei 1832. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kukomesha utumwa. Mimi nashika kikombe kile kile alichokishika Sharpe, na kuna Jumapili jambo hilo hunitetemesha.

Mfano mwingine. Clarence Jordan, msomi wa Agano Jipya la Kigiriki, mwaka 1942 alianzisha na wenzake shamba la Koinonia karibu na Americus, Georgia. Weusi na weupe walifanya kazi pamoja na kula meza moja. Mwaka 1950 kanisa lao la Baptisti liliwafuta ushirika. Jambo lililowasha moto ni kwamba walikuja ibadani na mwanafunzi kutoka India, mgeni mwenye ngozi nyeusi aliyetaka kuona ibada ya Kikristo inafananaje. Baadaye shamba lilipigwa risasi na kususiwa na wafanyabiashara.

Angalieni mambo matatu ya mleta uzi yalivyokutana katika benchi moja: mgeni, mtafutaji, na swali la haki. Kanisa lile lilishindwa yote kwa Jumapili moja. Kwa hiyo mimi siamini kwamba mtu anaweza kuchukua ukaribisho akaiacha haki. Ukimkaribisha kweli mtu aliyedhulumiwa, ataingia na dhuluma yake, na itabidi uishughulikie.

#8 Mchangiaji

Shemasi, heshima kwako. Ila tusizunguke mbuyu. Watu wakisema "kanisa linalokaribisha wote" wanamaanisha wapenzi wa jinsia moja. Mleta uzi, kanisa lenu linasemaje? Jibu wazi.

#9 Mleta uzi

Nitajibu wazi. Wanapokewa, wanabatizwa, wanashiriki Meza, na wanaweza kuchaguliwa katika huduma yoyote. Najua wengi humu mtaniacha hapa, na siwachukii kwa hilo.

Hatukufika hapo kwa amri ya mtu. Kanisa la Baptisti halina askofu juu yake. Mkutano wa washirika ndio unaoamua, na kila mshirika ana kura moja. Tulisoma Maandiko pamoja kwa miezi mingi, yakiwemo yale magumu. Kulikuwa na vikao ambavyo watu walitoka bila kuagana. Baadhi ya watu niliowapenda sana waliondoka, na mmoja wao ndiye aliyenifundisha kuomba. Sijalizoea pengo lake.

Wengine walitutangulia kulipa gharama hiyo. Mwaka 1992 kanisa la Pullen Memorial huko Raleigh, North Carolina, lilipiga kura kuruhusu kubariki muungano wa wanaume wawili. Mwaka huo huo Southern Baptist Convention ikalitoa, pamoja na Olin T. Binkley Memorial la Chapel Hill, ambalo lilimpa mwanafunzi wa theolojia aliyekuwa shoga kibali cha kuhubiri.

Na wale wanaodhani suala ni hili moja tu, watazame habari ya wanawake. Addie Davis aliwekewa mikono mwaka 1964 na kanisa la Watts Street huko Durham, mwanamke wa kwanza kuwekewa mikono kuwa mchungaji miongoni mwa Southern Baptist. Hakupata kanisa la kumwita Kusini, akaenda kuchunga Vermont. Mwaka 2023, karibu miaka sitini baadaye, Saddleback la California, mojawapo ya makanisa makubwa kabisa ya umoja huo, lilitolewa kwa sababu ya kuwa na mwanamke katika nafasi ya mchungaji. Kila kizazi kina mtu wake garini anayeuliza kinachomzuia.

#10 Mchangiaji wa #2

Nimerudi. Bado sikubaliani nawe katika #9, na sitakubali leo. Lakini nimesoma #4 mara tatu, na nimejiuliza kama kuna mtu kanisani kwetu ninayempitishia kikombe mapajani. Yupo. Nitakwenda kuzungumza naye kwanza, kisha na mchungaji.

#11 Mchangiaji

Samahani kwa kuchelewa, nina swali dogo. Nilibatizwa nikiwa mchanga katika kanisa jingine. Naupenda ubatizo ule, wazazi wangu waliufanya kwa imani. Nikija kwenu mtanilazimisha nibatizwe upya?

#12 Mleta uzi

Si dogo, ndilo swali lililotuzaa. Makanisa mengi ya Baptisti yatakuambia ndiyo, lazima. Mengine, likiwemo letu, hapana. Na hili pia si la jana: John Bunyan, aliyekaa gerezani Bedford miaka kumi na miwili kwa kuhubiri bila kibali cha serikali, aliandika mwaka 1673 kutetea kwamba tofauti juu ya maji ya ubatizo isimzuie muumini kushiriki Meza ya Bwana. Wabaptisti wenzake wa London walimshambulia kwa hilo, hakurudi nyuma.

Kwetu utaongea na mashemasi wawili, utatoa ushuhuda wako mbele ya washirika, nao watapiga kura ya kukupokea na ubatizo ule ule uliokuja nao. Siku ukitaka kuzamishwa, wewe mwenyewe, kisima kipo chini ya mimbari na tunakijaza Jumamosi usiku.